Jamaa wa Nzega, Gitaa la Nailoni na Swali la "Mtunzi ni Nani?"

Wadau wa gitaa, kuna mzigo unakuja. Una nyimbo tisa, hauna kolabo na staa yeyote, hauna video ya magari ya kukodi, na mwenye mzigo hana kiki hata moja ya kuusukuma. Ni jamaa wa Nzega, miaka 31, mpiga gitaa la nyuzi za nailoni na mtunzi wa mashairi yake mwenyewe. Albamu ilitakiwa iwe imetoka miezi mitano iliyopita. Haikutoka, na sababu si prodyuza kukimbia na pesa wala lebo kumwekea ngumu. Sababu ni nafasi moja ndogo kwenye fomu ya kusambazia muziki, ile inayouliza: mtunzi ni nani?

Jina lake halitajwi hapa, na wala si kwa ajili ya kuwapa watu ubuyu wa kubahatisha. Ukifika mwisho utaelewa.

Wanaohudhuria zile jioni za muziki wa taratibu kule Masaki na Oysterbay wanamjua kama "jamaa wa kistuli". Akipanda jukwaani, kitu cha kwanza anachoweka chini ni kistuli kidogo cha mbao. Anakikanyaga kwa mguu wa kushoto, gitaa analiweka juu ya paja hilohilo, shingo yake imeinuka kuelekea begani. Hatumii kile kiplastiki cha kupigia. Anatumia kucha, na kucha za mkono wake wa kulia ni ndefu, zimepigwa tupa zikalainika. Za mkono wa kushoto fupi kabisa. Dada mmoja aliwahi kumuuliza anatengenezea saluni gani, na kwa nini wanamfanyia mkono mmoja tu.

Ndo gitaa la klasiki hilo. Kila kidole cha mkono wa kulia kimepewa kazi yake: gumba linashika besi, shahada, cha kati na cha pete vinagawana nyuzi za juu. Mwanafunzi anakaa miezi anajifunza tu kuvifanya vidole vitatu hivyo vitoe sauti moja, kisichomzidi mwenzake. Nyuzi zenyewe zamani zilikuwa za utumbo wa mnyama. Nailoni iliingia miaka ya 1940, kazi ya Albert Augustine kule New York, akisukumwa na Mhispania Andrés Segovia, mtu aliyelitoa gitaa hili sebuleni akalipeleka kwenye kumbi kubwa za dunia.

Jamaa alilijulia Zanzibar. Alikwenda akiwa na miaka 20, na mji ule tangu 2002 una Dhow Countries Music Academy, chuo kilichoufanya Mji Mkongwe kuwa mahali ambapo unaweza kukatiza uchochoro ukasikia udi dirisha hili na fidla dirisha lile. Katika mzunguko huohuo wa wanamuziki akaangukia kwa mwalimu mmoja wa gitaa aliyekuwa akiishi visiwani kwa muda. Mwalimu hakumfundisha wimbo wowote wa redioni. Alimpa mazoezi ya Fernando Sor, Mhispania aliyefariki 1839, na baadaye vipande vya Francisco Tárrega, vyenye ile tremolo ambayo vidole vitatu vinapita juu ya uzi mmoja haraka mpaka unadhani sauti haikatiki. Na alimfundisha kusoma nota. Miaka mitatu. Asubuhi nota, jioni anapiga hotelini ili apate kodi.

Mpaka hapo ni stori ya kawaida ya msoto wa msanii. Lakini jamaa hakuanzia gitaa Zanzibar. Alianzia Nzega, chini ya mwembe, kwa fundi baiskeli.

Nzega kwa wasiojua ni mji wa njia panda. Basi la Dar kwenda Mwanza linapita hapo. Ukitaka Tabora mjini unakunja kusini, Shinyanga unakwenda kaskazini, Kahama na Kigali unaendelea magharibi. Watu wengi wameijua Nzega kwa dakika kumi za kununua karanga dirishani. Karne moja na nusu nyuma eneo lote hili lilikuwa nchi ya misafara: Wanyamwezi walibeba pembe za ndovu kutoka bara mpaka Bagamoyo, safari ya miezi miwili hadi mitatu kwa mguu, kisha wanarudi na vitambaa, shanga na nyaya za shaba. Ndo maana mpaka leo Mnyamwezi akifika pwani anataniwa, na yeye anajibu. Utani ule ulizaliwa njiani, mabegani mwa wapagazi.

Mzee fundi baiskeli alikuwa na gitaa kavu lenye ufa uliozibwa kwa gundi ya viraka vya tairi. Alipiga kwa vidole viwili tu, gumba na shahada. Gumba linatembea chini kama mtu anayetwanga, shahada inachezacheza juu. Mtoto wa jirani, ambaye ndiye jamaa yetu, alikuwa anakwenda pale kujazwa upepo baiskeli ya mama yake, akawa anachelewa kurudi. Akiwa na miaka 12 alikuwa ameshajua nyimbo nne za mzee. Hakuna nota, hakuna "kodi G". Mzee alikuwa anasema, "Tazama kidole, usinitazame uso."

Upigaji ule wa vidole viwili una ukoo wake, na ukoo wenyewe umevuka Ziwa Tanganyika. Bingwa wake anayejulikana zaidi ni Mwenda Jean Bosco wa Katanga, aliyezaliwa 1930 na kufariki kwa ajali ya gari Zambia mwaka 1990. Mwaka 1952 Hugh Tracey, yule Mwingereza aliyezunguka Afrika na mashine ya kurekodi, alimkuta Jadotville, mji ambao leo unaitwa Likasi, akarekodi kibao chake "Masanga". Bosco aliimba Kiswahili cha Kongo, akafika mpaka Nairobi mwaka 1959 na kusikika redioni. Wapiga gitaa kavu wengi wa Afrika Mashariki wa kizazi kile walikaa na santuri zake wakitafuta vidole vilikuwa vinapita wapi.

Mzee wa Nzega alikuwa mmoja wao. Ila yeye mwenyewe hakuwahi kuwa mwanamuziki wa bendi. Alikuwa mbeba vyombo. Ujana wake aliumalizia Tabora mjini, na Tabora ya wakati huo haikuwa ya kuchezea. Kulikuwa na Tabora Jazz na mtindo wao wa Segere Matata, kulikuwa na Nyanyembe Jazz, na kulikuwa na Kiko Kids ya Salum Zahoro. Bendi tatu kali katika mji mmoja wa bara. Shem Karenga, aliyekuja Tabora Jazz akitokea Kigoma, ndiye mwenye "Dada Asha", wimbo ambao wazazi wa wasomaji wengi wa leo wanaweza kuuimba usingizini. Mzee alibeba spika, alibeba ngoma, alikunja nyaya. Wakati wanamuziki wanakula, yeye alishika gitaa la mtu dakika tano.

Kuna jambo moja kuhusu enzi ile ambalo kizazi cha Boomplay hakilijui vizuri. Bendi ya mkoani haikuwa na albamu kama tunavyoielewa leo. Ilisafiri kwenda Dar es Salaam, ikarekodi Radio Tanzania, kanda ikabaki kwenye maktaba ya redio, na wimbo ukaanza kupigwa. Mtangazaji alitaja bendi na jina la wimbo. Zikipatikana santuri, nyingi zilitoka Nairobi, na mpaka wa Tanzania na Kenya ulipofungwa 1977 baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika, mlango huo nao ukawa mgumu. Kwa hiyo wimbo ulikuwa unafahamika nchi nzima huku aliyeutunga akitembea stendi na hakuna anayemjua. Sasa kama hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa wanamuziki, mbeba vyombo je?

Turudi kwenye mzigo.

Albamu ya jamaa imerekodiwa Dar, gitaa moja na sauti moja, mahali pengine kuna marimba na ngoma kidogo. Nyimbo nane ametunga mwenyewe. Kuna wa mama yake anayeuza mchele sokoni, kuna wa mwanamke aliyemwacha akaolewa Kahama, kuna mmoja hauna maneno kabisa, tremolo mwanzo mwisho. Waliousikia mzigo wanasema ni kitu ambacho hakijazoeleka Bongo: vidole vya Tárrega, Kiswahili cha Tabora.

Wimbo wa saba si wake. Ni mmoja wa zile nne za mwembeni. Aliuandika kwenye nota, akaupangia sauti mpya za chini, akaongeza tremolo pale mzee alipokuwa anarudiarudia. Lakini kulikuwa na kipande cha katikati kilichomsumbua. Wimbo mzima unakwenda mapigo manne manne, safi kabisa, halafu ukifika katikati kila mstari unazidi pigo moja. Manne, kisha moja la ziada linaloning'inia hewani. Kwenye karatasi lilionekana kama kosa. Prodyuza naye akasema litamchanganya msikilizaji, na mpiga ngoma alikuwa anaangukia pabaya kila mara. Mwisho wakakikata kipande chote. Wimbo ukabaki dakika tatu na nusu, mzuri, unateleza.

Ikaja siku ya kujaza fomu.

Ukitaka muziki wako ufike Spotify, ambayo iliingia rasmi Tanzania Februari 2021, au Boomplay, au Apple Music, unapitia msambazaji, na msambazaji anakuuliza mambo mawili ambayo wasanii wengi wachanga wanayachanganya. La kwanza ni rekodi: nani anaimiliki sauti iliyorekodiwa? La pili ni utunzi: nani aliutunga wimbo wenyewe, melodia na maneno? Ni haki mbili tofauti, na pesa zake zinapita njia mbili tofauti. Unaweza kumiliki rekodi ya wimbo ambao hukuutunga. Huwezi kuwa mtunzi kwa sababu tu ulilipia studio. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, ile iliyoleta COSOTA, inamlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa.

Jamaa akafika wimbo wa saba, akasimama. Prodyuza akampa njia rahisi: "Andika wimbo wa asili, twende zetu."

Na hapo ndipo penye uzito. "Wimbo wa asili" ni neno halali. Kuna nyimbo za kulima, za kutwanga, za kubembeleza watoto, ambazo kweli hazina mtu mmoja wa kumnyooshea kidole, na sheria inazitambua sanaa za jadi. Lakini neno hilohilo limetumika mno kama shuka la kumfunika mtu ambaye hakuna aliyejisumbua kumuuliza jina. Solomon Linda alirekodi "Mbube" Johannesburg mwaka 1939, akalipwa shilingi kumi. Wimbo ukavuka bahari, ukageuka "The Lion Sleeps Tonight", watu wakachuma, na familia yake ikaja kupata suluhu ya maana mwaka 2006, yeye akiwa kaburini tangu 1962. Na si mbali na kwetu: "Malaika" inaimbwa kila harusi, Fadhili William aliirekodi Nairobi mwanzoni mwa miaka ya 1960, ila wapo waliosimama na kusema aliyeitunga ni Adam Salim, Mtanzania, tena katika miaka ya 1940. Ubishi ule haujaisha mpaka leo, na kote duniani imewahi kuimbwa kama vile imeota yenyewe porini.

Jamaa hakuwa mwizi. Hakuwa na mpango wa kuandika jina lake. Alitaka tu kumaliza. Kilichomzuia ni makala aliyokuwa amehifadhi kwenye simu tangu Zanzibar. Mwaka 1961 na 1962 mtaalamu mmoja wa muziki, David Rycroft, alichapisha kwenye jarida la African Music nota za upigaji wa Mwenda Jean Bosco. Alisikiliza rekodi, akaandika. Bosco hakuwa akipiga ubeti wa pili sawasawa na wa kwanza, na Rycroft aliyaandika hayo mabadiliko, hakuyanyoosha. Jamaa, mtu wa nota, alikuwa amezisoma kurasa zile mara nyingi. Usiku ule zikamuuliza swali lingine: kama mtu aliyekuwa mbali kabisa na Katanga alijipa kazi ya kumsikiliza Bosco pigo kwa pigo, yeye aliyekaa miguuni pa mzee amemsikiliza?

Asubuhi alfajiri alikuwa stendi ya Mbezi na tiketi ya Nzega.

Safari ya kutwa nzima. Morogoro, Dodoma, Singida, unateremka Sekenke, Igunga, Nzega jua limeshazama. Kesho yake akaenda mwembeni. Mzee ana miaka themanini na ushee, baiskeli anatengeneza mjukuu wake sasa, yeye anakaa pembeni anaelekeza. Jamaa akaamkia, "Shikamoo babu." Mzee akaitikia marahaba, halafu akamtania kuwa watu wa pwani wamemnenepesha mpaka hajui kuamkia kikwao. Jamaa akacheka, akaanza upya: mwangaluka. Wakaletewa michembe na chai. Baada ya maongezi ya mvua na mpunga, jamaa akatoa simu, akamvalisha mzee spika za masikioni, akabonyeza wimbo wa saba.

Mzee alisikiliza mpaka mwisho, kichwa kimeinama. Akavua.

"Mzuri," akasema. "Wa nani?"

Jamaa akadhani masikio yamechoka. Akamwambia, "Babu, si ndo ule wako? Ule ulionifundisha?"

Mzee akatikisa kichwa. "Huu wa mwanzo si wangu. Huu niliuchukua kwa Mmanyema mmoja pale stesheni Tabora, naye alisema ameutoa kwao, ng'ambo ya ziwa. Wangu ulikuwa katikati. Wangu umeutupa."

Inabidi mtu aiwaze hali ile. Jamaa amesafiri kutwa nzima kuja kumpa mzee heshima, kumbe alichokuja nacho ni sehemu ambayo mzee hakuitunga, na ile aliyoitunga imebaki kwenye kapu la uchafu la kompyuta ya studio. Akaomba gitaa. Lile la zamani lilishakufa, akatumia la kwake. Akampiga mzee kipande cha katikati kama alivyokikumbuka, na pigo lake la ziada. Kisha akauliza kitu ambacho hakuwahi kuuliza akiwa mtoto: kwa nini hapa panazidi?

Mzee akasimama. Akajishika bega la kulia, akatembea hatua chache mbele ya duka la baiskeli, akihesabu kwa mdomo. Moja, mbili, tatu, nne. Akasita, akahamisha mkono bega la kushoto. Kisha akaendelea.

"Spika ya bendi ni nzito, mjukuu wangu. Unaibeba kutoka stesheni mpaka ukumbini. Ukichoka unabadilisha bega. Ukibadilisha bega mguu unasimama, basi na wimbo unakusubiri."

Kipande kile alikitunga akitembea, akiwa na mzigo. Pigo lililokuwa kosa kwenye karatasi lilikuwa ni mtu anahamisha uzito. Jamaa alikuwa amefundishwa na watu wazuri namna ya kusoma muda, na elimu ile haikuwa mbaya. Bila nota asingegundua hata kwamba kuna kitu kimezidi. Akiwa mtoto alikuwa anapiga tu bila kujua. Nota zilimwonyesha mahali penyewe, ila maana ya pale ilikuwa kwa mwenye wimbo, na alikuwa hai, kutwa yupo palepale, anapatikana kwa simu ya mjukuu wake.

Wakakaa wakapanga. Hii sehemu inafaa isomwe na kila msanii mwenye wimbo wa babu kwenye simu yake, maana haikuhitaji mwanasheria wa Posta. Walichukua daftari la shule la kurasa 48. Wakaandika jina la wimbo, wakaandika kwamba sehemu ya kwanza mtunzi wake hafahamiki, imepokewa Tabora kutoka kwa Mmanyema. Kwamba sehemu ya kati ni utunzi wa mzee, melodia na maneno. Kwamba mpangilio wa gitaa ni wa jamaa. Mapato ya utunzi nusu kwa nusu. Mzee akatia saini, jamaa akatia saini, mjukuu akashuhudia, na balozi wa mtaa akashuhudia pia baada ya kulazimisha apigiwe wimbo kwanza. Nakala mbili, moja ikabaki ndani ya sanduku la spana.

Mzee akauliza swali la mtu mzima: "Hiyo pesa inakuja lini?"

Jamaa hakumdanganya. Akamwambia kwa wasikilizaji wa gitaa la nailoni, mwaka mzima huenda isifike hata bei ya tairi. Mzee akacheka mpaka akakohoa. "Basi andika jina langu vizuri. Yote matatu. Redioni walikuwa wanataja bendi."

Jamaa aliporudi Dar, mambo hayakuwa mteremko. Kasha la albamu lilishachorwa na dakika za nyimbo zilishaandikwa nyuma yake. Tarehe ilishatangazwa, watu wakaanza kumtumia zile meseji za "bro mzigo vipi". Studio ikadai pesa mpya ya kurekodi, miksingi na masteringi ya wimbo mmoja, na pesa hiyo ilitoka kwenye fungu la video. Kwa hiyo video haipo. Mpiga ngoma alijitahidi siku mbili kulishika pigo la tano, akashindwa, akaombwa apumzike. Kwenye rekodi mpya kipande cha katikati kina gitaa peke yake, na ukisikiliza kwa makini kuna sauti ya kisigino kinachogonga ubao wa sakafu. Moja, mbili, tatu, nne, kimya. Ni jamaa anatembea palepale alipokaa, kistuli ameweka pembeni. Prodyuza, yule wa "twende zetu", alipousikia mara ya pili aliomba uwekwe kuwa wa kwanza. Jamaa akakataa. Ukabaki wa saba, ila sasa una dakika tano na kidogo.

Kuna watakaosema amejichelewesha bure. Miezi mitano kwenye muziki wa sasa ni kama miaka, watu wameshahamia kwa mwingine, na nani anasoma majina ya watunzi? Hoja hiyo ina ukweli wake, na jamaa mwenyewe haibishii. Anachosema ni kwamba angeweza kuupata wimbo mwingine wa kuweka pale, lakini asingeweza kuupata mzee mwingine wa kumuuliza. Waliobeba vyombo enzi za Segere Matata wamebaki wachache. Wengi wameondoka na vipande vyao vya katikati, na sisi tumebaki na nyimbo zinazoteleza, tunaziita za asili.

Fomu imeshajazwa, na sasa inasubiriwa siku tu. Jina la mzee halijaandikwa kwenye makala hii, wala la jamaa, kwa sababu mzee alisema anataka lianzie kuonekana kwenye wimbo wenyewe, si kwenye maneno ya watu. Kwa hiyo mzigo ukitua, wimbo wa saba, kabla hujaubonyeza fungua kwanza pale wanapoorodhesha waliohusika. Chini ya mtunzi kutakuwa na majina mawili. La juu ni la fundi baiskeli.